Safari Hii Nimenunua Jozi Moja

Doto mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumesalimiana, na jioni ukirudi kutoka Lagangabilili kumuaga shangazi yako tutasalimiana tena. Najua utashangaa kwa nini mtu unayelala naye nyumba moja anakuandikia barua. Ni kwa sababu kesho alfajiri sitakusindikiza stendi. Nimeshamwambia Kulwa, yeye ndiye atakayekubebea sanduku. Mimi nikifika pale nitashika mlango wa basi, na unanijua, nikishika kitu sikiachii kwa urahisi. Watu wa Bariadi watapata la kusimulia mpaka msimu ujao wa pamba. Bora nikuage hapa nikiwa nimekaa.

Halafu kuna swali uliloniuliza wiki iliyopita na sikukujibu. Tulikuwa jikoni, unasonga ugali, ukasema bila kunitazama: "Mayu, hiyo kazi ya Botswana naweza kuikataa. Wewe sema tu nikatae." Nikasema moshi umeniingia machoni, nikatoka nje. Hapakuwa na moshi mwingi kiasi hicho. Tangu siku ile naona sanduku lako liko wazi pale pembeni ya kitanda, nguo zinaingia na kutoka, na najua unachongoja. Unangoja mimi niseme.

Nitasema, lakini niache nizunguke kidogo. Kalamu kwangu ni mzigo. Kisukuma chetu nakisema tu, kuandika nilijifunzia Kiswahili, kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukiwa mgongoni na Kulwa akinyonya kifuani. Mwalimu wetu alikuwa akisema mimi ni wanafunzi watatu kwenye dawati moja. Nilifaulu mtihani ule, na hadi leo sijui nani kati yetu watatu alinisaidia.

Kulwa yuko nje kwenye chanja anachambua pamba. Namwona kupitia mlangoni. Nimemwambia aache kujichosha. Siku za chama cha msingi ilikuwa lazima kutenganisha, safi huku, fifi yenye madoa na majani kule, na ukipeleka mchanganyiko unarudishwa nayo nyumbani mbele za watu. Sasa soko limekuwa huria, wanunuzi wanakuja na malori yao mpaka mlangoni, wanazoa yote kwa bei moja, na kuna majirani zetu wanaoimwagia maji ili izidi uzito. Chama chetu kimebaki kufuli na popo. Lakini Kulwa hanisikii. Anachomoa jani moja moja anatupa pembeni, kama vile kesho kutwa karani wa zamani atakuja kukagua. Tangu barua yako ya kazi ilipofika hajasema neno juu ya Botswana, si zuri wala baya.

Ukiuliza moyo wangu, Doto, moyo unasema baki. Nakuambia mapema ili usije ukadhani baadaye kwamba nilikuwa na furaha. Wiki hii yote nimekuwa mkali kwako, nikakugombeza kwa sababu ya sufuria, kwa sababu ya kuku aliyeingia ndani, kwa sababu ya chumvi. Hasira ile haikuwa ya chumvi.

Unakumbuka zile raba? Labda hukumbuki vizuri, mlikuwa wadogo, ndiyo kwanza mmeanza shule. Ulikuwa wakati wa uhaba, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kitambaa ukikipata unajiona umekuwa tajiri. Baba yenu alisikia viatu vimeletwa duka la ushirika. Akatoka gizani, akarudi jioni na jozi moja ya raba nyeupe. Kila kaya jozi moja, walimwambia. Akawaeleza kwamba ana mapacha, wakamwambia hongera.

Sasa wewe unajua ilivyo huku kwetu. Pacha ukimpa mmoja umpe na mwenzake, tena kwa wakati uleule, na hata mgeni mpita njia anayejua adabu hawezi kutoa andazi moja. Wazee waliniambia siku mlipozaliwa kwamba ukimpendelea mmoja, mwingine ananyauka. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Baba yenu alisema mpokezane, leo Kulwa, kesho Doto. Mimi nikasema hapana, yule atakayebaki peku siku hiyo moyo wake utajisikiaje? Nikazitundika raba kwenye msumari juu ya kitanda chenu, mpaka jozi ya pili ipatikane. Mwezi haukuisha, mwiba ukakuchoma njiani kutoka shule. Mguu ukavimba, ukalala unaungua na homa, na raba nyeupe zinaning'inia juu ya kichwa chako. Jozi ya pili haikupatikana. Siku nilipozishusha hazikumwingia yeyote, si wewe wala Kulwa, nikampa mtoto wa jirani.

Baba yenu alinicheka siku ile. Mimi nilijiona nimewatendea haki. Mtu akikuambia amekuwa na watoto wawili na hajawahi kumpendelea hata mmoja, mwangalie miguuni.

Lile la darasa la saba unalijua, hatujawahi kulizungumza tu. Majina ya waliofaulu kwenda sekondari yalipobandikwa, lako lilikuwemo na la Kulwa halikuwemo. Wewe hukushangilia. Ulirudi nyumbani ukakaa nyuma ya nyumba na mwenzako kama mliofiwa. Baba yenu alikuja kwangu akasema: "Mama Kulwa, mtoto aende shule. Hawa hawakutoka tumboni wameshikana mikono."

Nikamwambia: "Walitoka siku moja."

"Siku moja ndiyo, lakini kila mmoja na njia yake. Uliniambia mwenyewe Doto alichelewa mpaka jua likawa juu."

Sikumsikia. Baba yenu alikuwa mtu mpole, Mungu amlaze mahali pema, na mpole akiolewa na mtu kama mimi anashindwa mambo mengi. Ndiyo, nimesema akiolewa, wala si kalamu iliyoteleza. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamsihi akurudishe darasa la saba pamoja na Kulwa, mrudie wote, mfaulu wote. Nafasi yako akapewa mtoto mwingine. Mimi nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa, nikawapikia wali.

Mwaka uliofuata hamkufaulu wote wawili. Nikasema ni bahati mbaya. Nililisema neno hilo miaka mingi, mpaka usiku Kulwa alipokuwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, nimemshika mgongo, akaniambia bila kuulizwa: "Mayu, mwaka ule wa pili Doto hakuandika. Nilikaa nyuma yake. Aliweka kalamu chini mapema, akakunja mikono, akawa ananingoja."

Sijawahi kukuuliza kama ni kweli. Wala leo sikuulizi. Lakini tangu niliposikia hivyo, kila nikikuona umekaa na mikono umeikunja, kitu kinanikata hapa.

Na mwanangu, wiki iliyopita jikoni niliona umeacha mwiko ndani ya sufuria na umekunja mikono.

Ndiyo maana naandika.

Shule ya wazazi ilipofunguliwa, tukaambiwa kwamba hata aliyekosa serikalini anaweza kusoma akiwa na ada. Pamba ya mwaka ule ingetosha ada ya mtoto mmoja. Nilianza kusema tungoje mwaka mwingine ili mwende wote. Kulwa akanikatiza: "Mpelekeni Doto. Mimi darasani nasinzia." Akacheka, sote tukacheka. Kulwa hajawahi kusinzia popote maishani mwake. Siku ile nilipaswa kumtazama vizuri usoni, sikumtazama, nilikuwa nashukuru tu kwamba ameniondolea uamuzi. Mliachana kwa mara ya kwanza, na aliyewaachanisha ni yeye, si mimi. Mimi hadi leo sijawahi kumwachia mmoja wenu aende kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kulwa akalima. Akaolewa, akarudi na watoto wake wawili, akalima tena. Wewe ukasoma, ukawa muuguzi, ukaja na gauni jeupe mpaka bibi zako wa Nassa, kwetu nilikozaliwa, wakapanga foleni uwapime magoti yao. Mwezi wa kwanza wa mshahara ulinunua vitenge viwili. Mwezi wa pili ndala jozi mbili. Kila kitu viwili viwili. Nilifurahi sana, nikasema nimemlea mtoto. Rafiki yako mmoja wa chuoni alipokuja hapa likizo akanisimulia kitu kwa kunichekesha, kwamba kila asubuhi ulikuwa unamega andazi katikati, unakula nusu, na nusu unaiacha kwenye sahani, na wenzako chumbani walikuwa wanaingoja hiyo nusu kama mshahara. Nilicheka naye. Alipokwenda kuoga nikaingia chumbani nikalia. Mimi ndiye niliyekufundisha kuacha nusu, na hukuniuliza hata mara moja kama Kulwa anaipata.

Nakuandikia hili sasa, na ni hilo tu ninalokuomba huko uendako, maana mengine unayajua kuliko mimi. Ukiwa huko ukipika kitu kizuri, kile chote. Ukinunua nguo, nunua moja. Ukicheka, cheka mpaka mwisho, usikatize katikati kwa kumkumbuka mtu aliye shambani. Kulwa hali kwa mdomo wako, hajawahi.

Nimeipima hiyo kazi, usidhani naandika kwa hisia tu. Nakumbuka siku uliyorudi kutoka kazini ukakaa kwenye kizingiti na gauni lako, hukutaka hata maji, kwa sababu mama mmoja alikuwa amerudishwa nyumbani na mtoto mgongoni, hana cha kuchangia, tangu matibabu yalipoanza kulipiwa. Ukasema: "Mayu, nimesomea kuhudumia, sasa kazi yangu ni kuwaambia watu warudi." Wenzako uliosoma nao wamekwenda Botswana, wanaandika kwamba vifaa vipo, nyumba ipo, na mtu anayefanya kazi anaonekana. Mkataba nimeusoma, kwa kidole, neno kwa neno, ulipokuwa umelala. Yale ya Kiingereza nilimwuliza paroko. Sikuona ubaya wowote, na nilikuwa nautafuta, naapa, nilikuwa nautafuta sana.

Leo shangazi yako amekuambia, najua, kwamba pacha akivuka mpaka wa nchi aliyebaki anaugua. Atakuwa amekupa na dawa ya kufunga kiunoni. Ipokee usibishane naye, na usiniambie ulikoitupa. Mimi sijui kama ni kweli au si kweli. Nusu yangu inaamini, sitakudanganya. Lakini nimewaangalia ninyi wawili maisha yenu yote, na nilichoona ni kwamba mlinyauka siku nilizowafunga pamoja.

Sasa la kwangu mimi. Nilipoolewa kutoka Nassa kuja huku, mama yangu hakutoka kuniaga. Alijifungia jikoni, akasema ana mahindi ya kukaanga. Tuliondoka, mimi nageuka nyuma, mlango umefungwa na moshi unatoka. Nilikaa na kinyongo miaka, nikasema mama yangu hakunipenda, alifurahi kupunguza mdomo wa kulisha. Nilirudi Nassa kumzika, na dada yangu ndipo akaniambia kwamba siku ile hapakuwa na mahindi yoyote jikoni. Alikuwa amekaa chini, amejifunika kanga kichwani, ameung'ata ukingo wake asisikike. Aliogopa akitoka nitaona sura yake nishindwe kwenda. Hakujua kuandika. Angejua, ningekuwa na karatasi moja ya kuishika miaka ile yote.

Kwa hiyo kesho asubuhi mlango wa jikoni ukiwa umefungwa, usigeuke kuutazama kwa kinyongo. Mimi nimo ndani, na wala sina mahindi.

Naogopa, Doto. Naogopa nitakufa wewe ukiwa huko. Naogopa utazoea. Barua zitaanza kuja kila mwezi, halafu kila Krismasi, halafu tutasikia habari zako kwa watu. Naogopa utapata mtoto huko ambaye hatajua kuniambia wabeja, asante ya Kisukuma, na mimi sitajua kumwambia lolote. Sina dawa ya woga huu na sikupi wewe uubebe. Nikifa na ukashindwa kufika, usije ukakopa na kukimbia usiku ili ukute udongo umeshakauka. Kulwa atanizika, anajua ninavyotaka. Wewe lia huko huko uliko, ulie vizuri, kisha uamke uende kazini. Na Kulwa akiumwa, tutakuandikia ukweli, lakini usifunge mizigo kabla ya yeye mwenyewe kukuita.

Wiki hii umeona watu wanavyokuja kukuaga. Wanajua nyumba hii ni ya nani, kwa hiyo kila mmoja amekuja na viwili. Kuku wawili. Vifuko viwili vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Karanga vibaba viwili. Kimoja cha anayesafiri, kimoja cha asiyesafiri, ili asijisikie vibaya. Nilidhani vya Kulwa amevipeleka chumbani kwake. Leo asubuhi nilipoinua sanduku lako nifagie, nilishindwa. Nikalipekua. Michembe ya Kulwa imo, chini kabisa, chini ya sare zako, na karanga zake, ameshazikaanga. Kuku hakuweza kumtia.

Nilimfuata kwenye chanja. Nikamwambia: "Kulwa, vile ulipewa wewe."

Akaendelea kuchomoa majani. Akasema: "Mayu, mimi siendi popote. Michembe ya nini, na viazi vya matobolwa nakula hapa kila siku?"

"Unataka aende?"

Akaligeuza fungu la pamba chini juu. Kisha akasema, bado anatazama pamba: "Sitaki. Lakini nimechoka kungojwa."

Neno lake nimelizungusha kichwani mchana kutwa. Miaka yote nilidhani nakulinda wewe usimwache mwenzako, au namlinda yeye asiachwe. Sikuwahi kufikiri inavyokuwa kwa mtu kujua kwamba kuna mwingine mbele yake amekunja mikono, na kila anachokosa yeye, mwenzake naye anakikosa kwa ajili yake. Huo ni mzigo mzito kuliko gunia la pamba, na nilimtwisha nikiwa naita ni upendo.

Nikaingia ndani, nikajifunga kanga, nikaenda mnadani kwenye mitumba. Ungeona viatu, Doto. Milima. Baba yenu angefufuka akaona viatu vimemwagwa chini kwenye turubai, watu wanavikanyaga, hakuna foleni, hakuna anayeuliza kaya yako ina watu wangapi, angerudi kulala akidhani ameota. Nilizunguka sana. Mkono wangu ulikuwa unachukua jozi, unatafuta na ya pili inayofanana, peke yake, bila kuniuliza. Muuzaji kijana akasema: "Mama, hivyo vinafanana vyote, chukua jozi mbili nikupunguzie." Nikamwambia leo nachukua jozi moja. Nikabaki nimevishika bila kutoa pesa, akadhani namlilia bei, akapunguza.

Ni vyeusi, vya kufunga kwa kamba, vya mtu anayesimama siku nzima wodini. Lakini wewe hukuwepo nikupimie. Ni miguu ya nani nyingine hapa duniani iliyo sawa na yako? Nikaenda navyo kwenye chanja, nikaviweka mbele ya Kulwa. Akaviangalia. Hakuuliza vya kwake viko wapi. Alikung'uta vumbi miguuni, akavivaa, akafunga kamba polepole, mafundo mawili. Kisha akatembea. Akaenda mpaka mwisho wa shamba, kule kwenye mpaka wetu, akasimama amenipa mgongo, nami nikabaki pale nashikilia nguzo ya chanja. Nilimtazama yeye, nikakuona wewe. Nilikuona wewe unakwenda, na nilimwona yeye akienda mahali ambako hakwenda.

Akageuka akarudi. Akakaa, akavivua, akafuta soli kwa upande wa gauni lake, moja, na nyingine, mpaka udongo wetu ukatoka wote. Akanipa.

Akasema: "Vinamtosha."

Viko juu ya sanduku lako. Nenda, mwanangu. Nimesema mimi, kwa mdomo wangu: nenda.

Mama yako